Koti la Babu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Ukiiona picha nzuri ukutani, kwenye kalenda au katika kijitabu cha mazishi, jua kwamba pengine kuna mtu aliyekesha akiiunda kwenye kompyuta. Mimi ni mmoja wa watu hao, ingawa ni mwanafunzi tu wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na kila asubuhi sharti niwe kwenye paredi kama wenzangu wote. Leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyojifunza kuvipa vitu teksha kwenye picha, jinsi kazi hiyo ilivyonitoa machozi, na jinsi nusura initie matatani.

Kwanza nilieleze neno hilo, maana mwalimu mlezi wa chama chetu hapendi maneno ya kigeni yanayoingia nyumbani bila kubisha hodi. Teksha ni ile hali ya uso wa kitu inayokuambia kitu hicho kingekuwaje mkononi hata kabla hujakigusa. Tazama ukuta wa darasa uliopakwa rangi, halafu utazame ukuta wa jikoni uliokandikwa udongo. Huna haja ya kuugusa ule wa pili ili ujue kwamba utakukwaruza kiganja. Gunia linaparuza, sufuria mpya ni laini, gome la mparachichi mkongwe lina mikunjo. Yote hayo jicho hulishika kabla ya mkono. Kitu kikikosa hali hiyo katika picha, jicho hukikataa, hata kama mwenye jicho hawezi kusema ni kwa nini.

Binamu yangu, ambaye mimi humwita kaka, ana studio ndogo ya picha hapa Kitale. Tangu nikiwa kidato cha kwanza nilikuwa nikienda pale siku za Jumamosi na wakati wa likizo. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupokea wateja na kukata picha za pasipoti. Lakini macho hayana pazia. Nilikuwa nikimchungulia begani anapofanya kazi, na siku moja akachoka kuchunguliwa, akaniambia, "Haya, keti hapa basi ujaribu. Ukiharibu, tutarudi nyuma."

Programu anayotumia ni GIMP, ambayo hailipiwi chochote. Wengi wetu tumelisikia zaidi jina la Photoshop, ambayo ilibuniwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ikaanza kuuzwa mwaka 1990. GIMP ilitokea mwaka 1996, nayo ilianzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley huko California, Spencer Kimball na Peter Mattis. Nayataja haya ili wenzangu mjue kwamba wanafunzi nao huunda vitu, hawavitumii tu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja anayeuza vyungu sokoni. Alitaka bango. Nikachora chungu kwenye kompyuta, nikakipaka rangi ya kahawia, nikakiwekea kivuli upande mmoja, nikajipiga kifua. Kaka alipokiona alicheka mpaka akashika mbavu. "Bana, hiki ni chungu au ni chokoleti?" Akanituma nje nikapige picha ya chungu cha kweli, tena kwa karibu sana, hadi zionekane chembe za mchanga ndani ya udongo.

Hapo ndipo nilipojifunza habari ya matabaka. Picha ya kompyuta yaweza kupangwa kama karatasi za plastiki zilizolaliana. Tabaka la chini lilikuwa na chungu changu laini, na la juu nikaweka picha ya udongo. Kisha nikaliambia tabaka la juu lizidishwe na la chini. Na kuzidisha huku si lugha ya mafumbo, ni kuzidisha kwa hesabu. Kila nukta ya picha ina namba, kuanzia 0 ambayo ni giza totoro, hadi 255 ambayo ni mwanga mtupu. Kompyuta huchukua namba ya nukta ya juu, huizidisha kwa ile ya chini, halafu hugawanya kwa 255. Nukta ya 200 ikikutana na ya 100 hutoa kama 78. Palipo peupe pe juu, cha chini hakibadiliki. Kwa hiyo vijishimo vya udongo viliingia ndani ya chungu changu, na kivuli nilichokichora hakikufutika. Mama wa vyungu alifurahi akanipa shilingi hamsini. Nilianza kujiona fundi, kumbe nilikuwa bado sijaanza.

Likizo ya Agosti mwaka 2024, babu yetu mzaa baba aliiaga dunia. Babu alikuwa karani wa josho la ng'ombe kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu ng'ombe wanaoingia katika dawa na kuwasukuma wale wakaidi. Mimi alikuwa akiniita "mama," kwa kuwa nimepewa jina la mamake mzazi. Naye nyanya kwa sababu hiyo hiyo hunitania kwa kuniita "mavyaa." Tangu utotoni nimeishi na mzaha huo, nikitumwa maji huku nikiitwa mama mkwe.

Katika uhai wake babu hakupenda kamera. Kwenye arusi alikuwa akijificha nyuma ya watu. Tulipotafuta picha ya kuweka katika kijitabu cha mazishi na juu ya jeneza, tulipata moja tu, picha ya pasipoti nyeusi na nyeupe, imebanwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Ilikuwa na mikunjo na mikwaruzo, na shingoni ilionyesha kola ya shati na giza tu.

Familia ikaamua kwamba kazi ni yetu, mimi na kaka. Tuliipitisha picha hiyo kwenye skana. Ukubwa wake ulikuwa milimita 35 kwa 45. Kwa nukta 600 kila inchi, tulipata nukta kama 827 kwa 1,063. Lakini karatasi ya A4 ikitakiwa ichapwe vizuri kwa nukta 300 kila inchi, huhitaji nukta 2,480 kwa 3,508. Maana yake ilitubidi kuikuza picha zaidi ya mara tatu. Na kompyuta inapokuza picha haijui kilichokuwa katikati ya nukta mbili. Hubahatisha tu. Uso wa babu ukawa umetanda kama uji uliomwagika mezani.

Kaka akasema tuulainishe uso wote ili ule ukungu usionekane. Mimi nikapewa mikwaruzo niifute. Niliifuta mmoja baada ya mwingine, kwa bidii ya mchwa, ukiwemo mmoja mrefu uliopita juu ya nyusi ya kushoto. Kamati ya mazishi ilikuwa imeagiza suti na tai, kwa hiyo kaka akachukua suti iliyochorwa tayari, ile ambayo wateja wengi huvalishwa, akamvisha babu. Jumatano jioni tulichapa nakala ya majaribio. Wajomba na mashangazi waliipokea kwa shangwe. Ami yangu mmoja alisema, "Mzee amependeza kama mbunge!" Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya mchapishaji, na Jumamosi mazishi. Nikashusha pumzi.

Picha ikapelekwa kwa nyanya, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka amejifunika shuka. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Nyumba nzima ilinyamaza. Kisha akaniita.

"Mavyaa, huyu ni nani?"

"Ni babu, nyanya."

"Babu yako yupi?"

Sikuwa na jibu. Nyanya akapitisha kidole chake juu ya shavu lile laini, akatikisa kichwa. "Huyu mtu hajawahi kufanya kazi hata siku moja." Kidole kikapanda hadi juu ya nyusi ya kushoto, kikasimama. "Na hapa pembe ya ng'ombe ilipompasua pale joshoni, mmepaponya lini?"

Msomaji, nilitamani ardhi ipasuke initie tumboni. Ule mwanya niliodhani ni mkwaruzo wa karatasi ulikuwa kovu la babu yangu. Nililiona kila siku tangu nizaliwe, nikaketi mbele ya kompyuta nikalifuta kama uchafu. Machozi yalinibubujika njia mbili mbili. Nililia kwa msiba, nikalia pia kwa aibu.

Ami akajaribu kumtuliza. "Mama, ni picha tu. Angalia suti ilivyomkaa."

"Mimi sikuolewa na suti," nyanya akajibu. Akainuka polepole, akaenda jikoni, akarudi na kitu kilichokunjwa. Kilikuwa kipande cha koti la babu, lile koti la sufu la kijivu lenye mistari ya zigizaga, alilolivaa asubuhi zote za baridi. Mikono yake ililiwa na panya zamani, na kilichobaki kilikuwa mgongo na mfuko mmoja. Nyanya alikuwa akikikalia akipika. Kilinuka moshi na kwa mbali dawa ya josho.

"Kama ni lazima avae kitu, avae hiki."

"Mama, watu watasemaje?"

"Watasema ni yeye."

Basi Alhamisi nilirauka alfajiri na mapema, tukaanza upya. Tulikuwa na siku moja.

Jambo la kwanza nililojifunza siku hiyo ni kwamba teksha hukaa katika mwanga. Nilikitandika kile kitambaa mezani nikakipiga picha kwa simu, taa ya simu ikiwa imewaka. Nikapata kitu bapa kama karatasi ya kufungia daftari. Taa inayomulika kutoka usoni huujaza kila mfereji mwanga, kwa hiyo hakuna kivuli, na pasipo kivuli jicho halioni mkwaruzo. Nikaizima taa ile, nikakipeleka kitambaa mlangoni ambako mwanga wa asubuhi ulikuwa ukiingia kwa upande, chini chini. Mara kila uzi ukaamka. Hata kishimo alichochoma babu kwa kaa la moto kilionekana kama kisima.

Jambo la pili ni kipimo. Niliweka rula kando ya kitambaa. Mstari mmoja wa zigizaga ulikuwa na upana wa sentimita 2, nao katika picha ya simu ulichukua nukta 240. Mabega ya mtu mzima tuliyakadiria kuwa sentimita 45, na katika picha yetu yalichukua nukta 2,250. Kwa hiyo kila sentimita ilikuwa nukta 50, na mstari wa sentimita 2 ulipaswa kuwa nukta 100. Ilibidi kitambaa kipunguzwe hadi asilimia 42 hivi. Kama ningekiacha jinsi kilivyokuwa, babu angeonekana mtoto aliyevikwa blanketi. Ningekipunguza kupita kiasi, angekuwa jitu.

Jambo la tatu lilitupotezea saa mbili nzima. Kitambaa hakikutosha kifua chote, nikakinakili mara tatu na kukiunganisha. Kutoka karibu kilipendeza. Niliporudi nyuma hatua tatu nikaona doa moja la moshi likirudiwa kifuani mara tatu, kama vifungo. Maumbile hayajirudii hivyo, na jicho lina wivu mkubwa na kitu kinachojirudia. Nilirudi mlangoni nikapiga picha nyingine za sehemu mbalimbali za kile kitambaa, nikazitumia badala ya kunakili ile moja.

Jambo la nne ndilo lenye uchawi. Ile suti ya kuchora ilikuwa na mikunjo mizuri begani na kwenye ukosi, ila haikuwa na uzi hata mmoja. Kitambaa chetu kilikuwa na nyuzi ila kilikuwa kimelala bapa. Nikikiweka juu tu, mistari ingepita kwenye mikunjo imenyooka kama reli, na mtu angejua mara moja kwamba kimebandikwa. Dawa yake ni kuiondoa rangi suti, ibaki ya kijivu tu, kisha kuitumia kama ramani ya kusogeza. Nukta za ramani zenye kijivu cha katikati, kama 128, haziguswi. Zenye mwanga zaidi husukuma kitambaa upande mmoja, zenye giza huvuta upande wa pili. Ukiweka kiasi kidogo tu, mistari hupinda panapokunjika na kunyooka panaponyooka. Ukizidisha, koti huonekana kama limo ndani ya maji. Tulijaribu mara tano.

Baada ya hapo nikatumia ile hesabu ya chungu. Nikaifanya suti kuwa nyeupe zaidi, nikaizidisha na kitambaa, na vivuli vya mikunjo vikaingia katika sufu. Nikaweka barakoa, yaani tabaka la kuonyesha na kuficha, ambapo palipo peupe kitambaa huonekana na palipo peusi hujificha, ili kisimwagikie shingoni. Saa mbili usiku stima zikapotea. Tulikaa gizani tukisikiliza mvua na nyimbo za matanga kutoka ng'ambo ya pili, mpaka zikarudi karibu saa tano. Namshukuru Mungu kwamba kaka ana tabia ya kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache.

Ukabaki uso. Kovu lilirudi upesi, kwa kuwa picha ya asili hatukuwa tumeigusa. Ilikuwa kwenye tabaka lake, chini kabisa. Kama ningeifutia juu yake, kovu la babu lingekuwa limepotea mara ya pili. Lakini ngozi ilikuwa bado na ule ukungu. Kaka, aliyekuwa amechoka, akafungua picha za wateja wa zamani. Alikuwa na mzee mmoja mwenye makunyanzi mazuri ajabu. "Tuazime haya," alisema. "Tuyalaze juu kama tulivyolaza koti. Nani atajua?"

Nilitazama kile kioo kwa muda. Kwa kweli tungeweza, na ingependeza. Nikamjibu, "Nyanya atajua."

"Asipojua je?"

"Basi tutakuwa tumemzika mtu mwingine."

Kaka akacheka kidogo, akafunga ile picha. Kitambaa kilikuwa cha koti lake mwenyewe, lakini makunyanzi yale yalikuwa ya mzee mwingine, kapata kwa shida zake mwenyewe. Tulichofanya ni kuondoa kule kulainisha kote, tukaacha uso jinsi ulivyotoka katika ile karatasi ndogo, halafu tukanyunyiza chembe laini juu ya picha nzima, uso na koti pamoja, kama zile zinazoonekana katika picha za filamu. Chembe hizo haziongezi mkunjo wala kovu. Hulisaidia jicho tu lisikwame kwenye ukungu, na huvifanya vitu viwili vilivyotoka sehemu mbili vionekane vimepigwa siku moja. Koti nalo nililififisha kidogo, kwa maana lilikuwa kali kuliko uso, na uongo wa picha mara nyingi hukamatwa hapo.

Ijumaa kabla ya jua kuchomoza nilishika njia guu mosi guu pili hadi kwa nyanya, picha nimeificha ndani ya sweta isilowe. Hakusema neno. Aliitazama, kisha akapitisha vidole juu ya koti. Karatasi ilikuwa laini kama karatasi yoyote, lakini vidole vyake vilikwenda polepole, kama vinavyopita juu ya sufu. Vikapanda hadi kwenye kovu, vikakaa hapo.

"Kifungo hiki cha juu kilikatika," alisema hatimaye. "Sikuwahi kukishona."

Nilirudi mbio hadi studio kukitoa. Nikaomba pia, kwenye ukurasa wa ndani wa kijitabu, iandikwe kwa herufi ndogo: picha imetengenezwa kwa kompyuta, kitambaa ni cha koti lake mwenyewe. Ami alinung'unika kwamba maneno hayo yataharibu ukurasa, lakini nyanya alisema yaandikwe, yakaandikwa. Jumamosi nilimwona mzee mmoja, mwenzake babu wa joshoni, akiinama karibu na ile picha juu ya jeneza. Aligusa kovu akacheka peke yake, kisha akalia.

Ningeweza kukomea hapo, lakini ningekuwa nimewaficha nusu ya pili.

Sifa zina miguu. Muhula wa tatu ulipoanza, watu walikuwa wamesikia kwamba kuna msichana anayeweza kuvika wafu makoti yao. Jumamosi moja, kaka akiwa ametoka, alikuja mvulana mmoja mwanafunzi. Jina lake na shule yake navibana kwapani. Babake alikuwa amemtumia karo, naye akaila katika michezo ya kubahatisha kwenye simu. Sasa alitaka risiti. Alikuwa na picha ya risiti ya mwenzake. Jina na tarehe alikuwa ameshabadilisha mwenyewe, lakini alijua haipiti. "Muhuri unaonekana umebandikwa," alisema. "Nimeambiwa wewe unaweza kuufanya ukae." Akaweka mezani shilingi 1,500.

Wakati huo mimi nilikuwa ninadaiwa shilingi 1,200 za chakula cha mchana. Baba alikuwa bado ana deni la mazishi, na sikuwa na uso wa kumwomba. Pesa zile zilikuwa pale, karibu na mkono wangu. Wenzangu, sitawadanganya kwamba nilimfukuza. Nilifungua faili.

Nilijua la kufanya bila hata kufikiri. Wino wa muhuri huzidishwa na karatasi, karatasi iliyokunjwa hutumika kuwa ramani, na muhuri hupinda kwenye kila mkunjo. Katika dakika kumi muhuri ulikuwa umezama ndani ya ile karatasi, wino umefifia pale penye mkunjo, kama kwamba risiti ilikaa mfukoni wiki nzima. Ilikuwa kazi safi kuliko hata ile ya chungu. Na usafi wake ndio ulionitisha. Nilimwona baba wa mtu akiishika karatasi hii kwa mikono miwili, akiileta karibu, akipitisha kidole juu ya muhuri kama nyanya alivyopitisha juu ya koti. Angeamini. Tena angeamini kwa sababu ya kazi ya mikono yangu.

Niliifuta nikamrudishia pesa zake. Alinitukana, akaniita mjinga wa karne, akaondoka akiupiga mlango. Mpaka leo tukikutana hanisalimu. Mimi nilikula viazi vya kuchemsha kutoka nyumbani wiki tatu mpaka baba alipopata. Sisemi kwamba vilikuwa vitamu.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo. Zana ni zile zile, hesabu ni ile ile, 200 mara 100 kugawanya kwa 255, iwe ni koti au ni muhuri. Kompyuta haiulizi. Koti lile lilimfanya nyanya aone kitu kilichokuwepo kweli. Risiti ile ingemfanya mzazi aone kitu ambacho hakikuwepo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na anayeupaka mkakasi rangi hujua kilichomo ndani kabla ya mnunuzi.

Kwa wenzangu wanaotaka kujaribu kazi hii, na wapo wengi wenye simu zinazoweza, nawaachia machache. Piga picha ya teksha kwa mwanga wa upande. Pima kabla ya kulaza. Usirudie doa. Usiiguse picha ya asili, fanya kazi juu ya nakala. Rudi nyuma hatua tatu uangalie. Na kabla hujafuta mkwaruzo wowote usoni pa mtu, uliza kwanza kama si kovu.

Picha ya babu sasa imetundikwa sebuleni kwa nyanya, na kile kipande cha koti kimerudi jikoni. Juzi jirani mgeni aliitazama akauliza ilipigwa mwaka gani. Nyanya hakutaka makuu. Alimjibu, "Uso ulipigwa zamani, na koti alikuwa akilivaa kila siku. Mavyaa huyu ndiye aliyevikutanisha." Kisha akanituma maji.

Kalamu yangu inaishiwa na wino, na kesho ni Jumatatu. Hadi toleo lijalo, kwaherini.